Mkausha kerupuk anayesaka filimbi ya baba yake

Trei za juu zimejaa kerupuk mbichi, kaukau nyeupe za unga wa muhogo, zimepangwa bega kwa bega. Trei ya chini kabisa haina hata moja. Hapo imelazwa kanda ya studio, utepe uliozungushwa kwenye gurudumu pana kama sinia la chai, na chini yake imetandikwa taulo safi. Entin Rostini anafungua mlango wa tanuri ya kukaushia, anatazama kipimajoto, kisha anaufunga polepole kama anayechelea kuamsha mtoto.

"Joto limepanda?" anauliza Ema Onih.

"Halijapanda, Ema. Liko palepale."

"Hata mara ile ulisema liko palepale."

"Ndiyo, Ema. Kwa sababu liko palepale."

Ema Onih, mjane wa miaka themanini na kitu, amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya tanuri tangu asubuhi, mkoba mapajani. Ameletewa lontong, wali wa kushindiliwa kwenye jani, akala. Ameletewa chai, akanywa. Ameambiwa akapumzike, akajifanya hajasikia. Kanda iliyomo humo ni yake, na alishasema kwamba haitaondoka mbele ya macho yake.

Kwenye kiwanda hiki kidogo cha Cibuntu, magharibi mwa Bandung, watu wameshazoea mambo ya Ceu Entin, kama wadogo zake kazini wanavyomwita. Mwenye kiwanda, Mang Ukri, mtu wa Ciamis kama walivyo wenye viwanda vya kerupuk wengi mjini hapa, anasema alimwekea sharti moja tu.

"Nilimwambia, kausha kanda zako upendavyo, ila kerupuk zangu zisije zikanuka muziki wa roki."

Ukweli ni kinyume chake. Kanda ndizo zinazotoka humo zikinuka kitunguu saumu.

Entin ana miaka hamsini na saba. Anakata, anakausha na kukaanga kerupuk kwa ujira wa rupia elfu themanini kwa siku, na pesa hiyo inakwisha kwa mchele, gesi na nauli. Kinachobaki, kikibaki, kinakwenda kwa Kawah Tujuh, bendi ya roki iliyoutikisa mji huu miaka ya sabini kisha ikavunjika kwa ugomvi ambao hadi leo kila mtu anausimulia kivyake.

Santuri za Kawah Tujuh kila shabiki anazo. Entin na wenzake hawahangaiki nazo. Wao wanasaka kile ambacho hakikuingia kwenye santuri: jaribio la kwanza lililoharibika, wimbo uleule uliochanganywa sauti kwa namna nyingine, gitaa lililofutwa, ubeti uliokatwa, maneno ya mafundi kati ya wimbo na wimbo. Wanakutana kila Jumapili katika karakana ya Yayat, mchapa kadi za harusi, ambaye ndiye pekee mwenye mashine nzima ya kuchezea kanda hizo. Aliyepata kitu lazima akifungulie wote wakisikie. Mwaka juzi Entin alileta kipande chenye pigo moja la ngoma na kikohozi, na kikohozi hicho kimewagawa kambi mbili mpaka leo: kuna wanaodai ni cha mpiga besi, na kuna wasiosemezana nao.

Lakini Entin mwenyewe ana sababu yake, na haihusu kikohozi cha mtu.

Alizaliwa katika kichochoro cha nyuma ya studio ambamo Kawah Tujuh walirekodi, huko Astana Anyar. Baba yake, Pak Sarman, alikuwa mpiga filimbi ya mwanzi kwenye arusi na tohara. Jioni moja ya mwaka 1976 alikuwa akipuliza mlangoni kwake, na mpiga gitaa wa Kawah Tujuh akamsikia kupitia dirisha la choo cha studio. Akaitwa. Akavaa shati lake la arusi, akaingia kwa mlango wa mbele, akatoka baadaye akiwa na pakiti ya sigara na wali wa kukaanga uliofungwa kwenye jani la mgomba.

"Tuliula wote wali ule," anakumbuka Entin. "Mimi nilikuwa na miaka minane. Bapa alikuwa anacheka tu, chakula hakimpiti kooni."

Pak Sarman aliwatangazia watu wa kichochoro kizima wasikilize redio. Siku wimbo ulipotoka, wakajazana kwa kinyozi mwenye redio, wengine wakasimama nje. Wimbo ukaanza, ukaenda, ukaisha. Filimbi haikusikika popote.

Kuanzia hapo akaitwa Filimbi ya Jini. Watoto walimfuata wakiziba masikio na kujifanya wanasikia muziki. Wakubwa walimuuliza kwa upole wenye sumu kama filimbi yake imeshaonekana. Arusini waliendelea kumwita, maana alikuwa fundi, lakini nyumbani aliacha kabisa kupuliza. Alifariki mwaka 1994, na hata msibani kuna mtu aliyelitaja jina lile.

"Sikumchukia yule mtu," anasema Entin, kisha anafikiri kidogo. "Hapana, nilimchukia. Kwa nini nikudanganye? Bapa aliniambia mara moja tu: 'Nilipuliza, Neng, mwanangu. Wamenikata tu.' Mimi nikamwamini. Lakini kumwamini baba yako mwenyewe ni kazi rahisi. Nilitaka na kinyozi amwamini."

Tatizo ni kwamba mabaki ya studio ile hayakutupwa wala kuhifadhiwa. Palirekodiwa mambo mengine juu yake. Utepe ulikuwa ghali, na bendi ilipovunjika studio ikahamia kwenye biashara yenye wateja wa uhakika: wayang, michezo ya vikaragosi vya mbao ambayo Wasunda hukesha nayo. Kanda zilezile za Kawah Tujuh zikawekwa tena mashineni, na dalang, yaani mchezesha vikaragosi, akazungumza juu ya roki mpaka ikafutika.

Ila dalang hamalizi hadithi kwa kipimo cha utepe. Akimaliza mapema, nyuma yake hubaki kipande ambacho hakikuguswa. Entin aligundua hilo kwa bahati, alipoinunua kanda ya wayang kwenye soko la mitumba la Jatayu akitaka gurudumu lake tu. Aliisahau ikizunguka kwa Yayat, na baada ya vikaragosi kuagana gitaa likapasuka ghafla, watu wakamwaga kahawa.

Tangu siku hiyo anasaka roki mwishoni mwa wayang. Ana vipande zaidi ya arobaini, na Yayat hampi nafasi ya kupumua.

"Huyu si shabiki wa roki tena," anasema. "Muulize mpiga ngoma wa pili wa Kawah Tujuh aliitwa nani, atababaika. Muulize nani alimuoa binti wa mfalme kwenye kanda ya Jatayu, atakutajia mpaka mashemeji."

"Kwani wewe ungeweza kukaa masaa yote yale bila kusinzia?" anamjibu Entin. "Wewe hata kadi zako za harusi unakosea majina ya mabwana harusi."

Kanda ya Ema Onih ilikuwa habari nyingine. Mumewe, Abah Wirya wa Jelekong, alikuwa dalang wa kwanza kurekodiwa baada ya bendi kuvunjika, kwa hiyo kanda aliyopewa ilikuwa ya zile za mwisho kutumiwa na Kawah Tujuh. Na hiyo ndiyo sauti yake pekee iliyobaki duniani. Mjane aliifunga kwa kitambaa cha batiki, akaiweka kabatini, na kila aliyekuja kuiomba alipewa chai na kusindikizwa mlangoni.

Entin alikwenda Jelekong mwaka mzima, kila mara na mfuko wa kerupuk. Hakuficha kitu. Alimwambia mjane kwamba utepe wa zamani ukikaa sana unanata, ukichezwa hivyohivyo unabanduka na sauti inakwenda na vumbi. Alimwambia kwamba joto la taratibu huukausha ukafaa kuchezwa, na joto likizidi utepe unaharibika na hakuna wa kuurudisha. Mwisho alimweleza habari za filimbi.

"Nilimuuliza, 'Kwa hiyo unachotaka wewe ni mkia tu?'" anasema Ema Onih. "Akasema, 'Ndiyo, Ema. Lakini tutaanza na kichwa.' Nikaona huyu angalau hajui kupaka watu mafuta."

Ahadi ikawa hiyo: Abah Wirya kwanza, neno kwa neno, ndipo mkia.

Wiki iliyopita waliikausha kwa mara ya kwanza na kuipeleka kwa Yayat. Sauti ya Abah Wirya ikatoka, nzito, yenye mzaha. Kikaragosi mwenye uso mwekundu akalalamika kwamba mke wake hutia chumvi kwenye mboga kama anayehifadhi samaki. Karakana nzima ikacheka.

"Mwongo huyu," alisema Ema Onih, na machozi yakawa yanamtiririka. "Chumvi alikuwa anaongeza mwenyewe."

Walipofika mbali, utepe ukaanza kulia. Mlio mwembamba, wa kukwaruza. Kwenye vichwa vya mashine pakaonekana vumbi la kahawia. Yayat akamwinamia Entin sikioni, ingawa kunong'ona si kipaji chake.

"Ceu, haifiki. Turuke mwisho sasa hivi. Abah tumeshampata sehemu kubwa. Ukingoja, utakosa chako."

Ema Onih alisikia. Alikuwa ameushika mkoba wake kwa mikono miwili, na Entin akaiona ile mikono.

Karibu miaka hamsini ya Filimbi ya Jini ilikuwa imekaa kwenye mzunguko wa ndani kabisa wa lile gurudumu, karibu naye kiasi cha kuigusa. Alitamani kusema ruka, anakiri. Akasema zima mashine.

"Siku ile nilimwona mjinga," anasema Yayat. "Nikamwambia hivyo, usoni. Akaniambia, 'Sawa, mimi mjinga. Safisha vichwa.'"

Ndiyo maana leo kanda imerudi tanurini, na mwenye kanda amekuja nayo. Safari hii Entin ameiacha ndani kwa muda mrefu zaidi na joto la chini zaidi, na kerupuk zimechelewa kukauka kwa ajili yake. Mang Ukri ananung'unika huku na huku, lakini ni yeye aliyemletea Ema Onih mto wa kukalia.

Alasiri wanaitoa. Wanaiacha ipoe. Entin anaipeleka karakana ameikumbatia kifuani, mjane kamshika kiwiko, na Yayat ameshafukuza wateja.

Utepe haulii. Abah Wirya anaendelea pale walipomwachia. Wafalme wanapatana, vikaragosi wanaagana, upatu unalia mara ya mwisho. Ema Onih anaitikia kwaheri kwa sauti ndogo, kama mumewe yuko mlangoni anavaa viatu. Amempata mzima.

Panasikika mlio wa kitufe. Kimya. Kisha ngoma na gitaa vinaingia kwa pamoja katikati ya wimbo, ule wimbo, unaelekea mwisho. Entin amefumba macho. Gitaa linapanda, linashuka, pigo la mwisho linagonga, wimbo umekwisha. Hakuna filimbi. Yayat anatazama sakafu.

Ndipo filimbi inaingia. Peke yake, wenzake wameshamaliza, inapuliza sauti mbili tamu na kusita kama mtu aliyefungua mlango usio wake.

Vijana wanaangua kicheko kwenye kanda. Mmoja anasema, "Umechelewa, Pak Sarman."

"Samahani, bwana mdogo," inajibu sauti ya mtu mzima, ya aibu na furaha. "Nilikuwa namsikiliza huyu wa gitaa. Nikasahau kwamba na mimi napiga."

"Haya, Pak. Tuanze tena."

Utepe unakatikia hapo. Gurudumu linazunguka tupu, ncha ikipiga tap, tap, na hakuna anayenyanyuka kuzima mashine.

"Ndiye?" anauliza Ema Onih.

"Ndiye, Ema." Entin analia na kucheka pamoja, anajifuta kwa aproni yenye unga. "Bapa, Bapa. Unaitwa studio mara moja maishani, unakwenda kusikiliza."

Yayat ndiye wa kwanza kuliona jambo lenyewe. Anamshika bega. "Ceu, amesema tuanze tena. Walirudia. Kuna jaribio jingine."

Kuna jaribio jingine, ambamo huenda Pak Sarman aliingia kwa wakati. Ema Onih anafungua mkoba, anatoa leso, anapenga kamasi na kutoa amri. Mdogo wa mumewe naye alirekodi wayang studio ileile, miezi ileile, na kanda zake ziko darini kwa wanawe, hukohuko Jelekong.

"Wale wabishi. Nitazungumza mimi," anasema. "Wewe utabeba kerupuk."

Kabla ya hapo Entin ana safari nyingine. Jumapili atakwenda Astana Anyar na spika ya kuazima. Kinyozi alishafariki, lakini mwanawe bado ananyoa palepale, na wazee waliobaki hukaa hapo asubuhi.

"Watacheka tena," Yayat anamchokoza. "Watasema Filimbi ya Jini ilichelewa."

"Waache waseme alichelewa," anasema Entin. "Hachelewi mtu ambaye hakwenda."

Kesho yake asubuhi yuko tena mbele ya tanuri, anapanga kerupuk kwenye trei. Mang Ukri anapita, anainama, anamuuliza mbona ya chini ameiacha tupu na oda zimejaa.

"Ina mwenyewe," anasema Entin, anatandika taulo na kufunga mlango.