Apolinaria na kitambaa kisichopatikana tena

Ni saa tatu asubuhi, Ijumaa, siku tano kabla ya Krismasi. Apolinaria Mahona ameshika mkasi kwa mara ya nne, na kwa mara ya nne anaurudisha mezani bila kukata chochote.

Mbele yake, kwenye kibaraza cha duka katika kata ya Ng'ambo mjini Tabora, kuna mpira mwekundu wa kupambia mti wa Krismasi, rangi yake imebanduka upande mzima. Pembeni kuna kipande cha kitenge cha bluu kisichozidi kiganja cha mtu mzima. Anakinyoosha, anakigeuza, anakiacha.

"Vingine nikikosea nachukua kingine," anasema bila kuinua macho. "Hiki hakina kingine."

Apolinaria, 54, ambaye majirani humwita Mama Kornel, ni fundi cherehani. Kwa miaka sita sasa, kila ifikapo Novemba huweka kando sare za shule na kukusanya mapambo ya Krismasi yaliyochakaa: mipira iliyopauka, nyota zilizovunjika ncha, kengele za plastiki zisizo na rangi. Huyavisha mabaki ya vitenge anayopewa na mafundi wenzake, kisha huyauza Sh2,000 kila moja.

Alianza siku alipokuta boksi zima la mapambo limetupwa jalalani nyuma ya nyumba ya wageni. "Nikasema, hivi vitu havijafa, vimevuka nguo tu."

Kwa kila mpira hukata vipande sita vilivyochongoka ncha mbili, mfano wa mbegu za boga, na kuvibandika kwa gundi kuuzunguka. Kikipungua kimoja, mpira hubaki na upande ulio wazi.

Lakini mwaka huu anauogopa mkono wake mwenyewe. Tangu Machi, kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kulia vinashikwa na ganzi.

"Kuna wakati sijui kama nimeshika mkasi mpaka niutazame," anasema. Hospitali hajaenda. "Naogopa wataniambia niache kushona. Nikiacha, nitakuwa naamka asubuhi nifanye nini?"

Anayejua siri hiyo ni Zuena, muuza nyuzi na vifungo wa meza ya pili. Wateja hawajaambiwa. Bertila Jilala naye hakuambiwa.

Bibi huyo wa miaka 67, mkulima wa Puge wilayani Nzega, alifika Jumatatu na kifurushi kifuani.

"Shikamoo mama," Apolinaria alimwamkia.

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye unayevisha mapambo?"

Alifungua kifurushi. Mpira ule mwekundu aliununua binti yake, Sikuzani, kwa mshahara wake wa kwanza. Kitenge kilikuwa gauni lake. Sikuzani alifariki akiacha mtoto wa miezi minane, na gauni likageuzwa mbeleko ya mtoto huyo hadi likachakaa, likabaki hicho kipande.

Mtoto, Adelina, sasa ana miaka saba. "Ananiuliza, bibi, kitu cha mama kiko wapi?" Bertila alieleza. "Nataka Krismasi hii akitundike yeye mwenyewe."

Apolinaria alipokea. Siku nne zilizofuata alivisha mipira mingine thelathini, akaupita ule mmoja. Na leo mwenyewe yuko njiani.

"Kata basi, Mama Kornel," Zuena anamwambia. "Basi la Nzega limeshaingia."

Anakata. Cha kwanza kinatoka vizuri, cha pili, cha tatu. Cha nne. Cha tano. Kwenye cha sita mkasi unateleza, kitambaa kilichooza kwa miaka kinachanika katikati, na Apolinaria anabaki akiutazama mkono kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Bertila anamkuta hivyo hivyo.

"Mama, nimekiharibu," anasema Apolinaria. Hapohapo anamweleza na habari ya ganzi, tangu mwanzo.

Bibi anakaa kwenye benchi. Zuena anaacha kupanga vifungo vyake.

"Kwa nini hukuniambia Jumatatu?"

"Niliogopa ungeondoka nacho."

"Ningeondoka nacho, ndiyo," Bertila anajibu, sauti imekauka. "Au ningekuachia wewe uelekeze, akate mwenye mkono mzima. Mimi mwanangu nimemzika mara moja, unataka nimzike tena?"

Apolinaria anaokota kitambaa cha bluu kinachokaribia kufanana, anauliza kwa sauti ya chini kama aweke hicho mahali pa kile cha sita.

"Usinichanganyie mwanangu na gauni la mtu mwingine," Bertila anakataa. "Bandika vitano. Paache hapo wazi."

Zuena anashika gundi, Apolinaria anaelekeza: vuta kidogo, usikaze, ncha ikutane na ncha. Bibi anaushikilia mpira kwa mikono miwili. Kazi inapokwisha, unabaki mwanya mmoja ambamo wekundu wa zamani unaonekana. Bertila anapitisha kidole hapo, anaufunga mpira kwenye khanga, na kabla ya kuondoka anamgeukia fundi.

"Nenda hospitali, mwanangu. Usingoje uharibu cha mwingine."

Jumatatu, Apolinaria anasema, atakwenda, na Zuena atamsindikiza ili asiishie njiani. Hofu haijamtoka, anapozungumza bado anakunja na kukunjua vidole. Tayari ameshakubaliana na Zuena kwamba Novemba ijayo watafanya kazi hii pamoja, mmoja akichagua vitambaa, mwingine akikata.

"Wakiniambia niache mkasi, nitauacha," anasema. "Lakini kujua kitambaa gani kinamfaa nani, hilo liko kichwani. Huko ganzi haijafika."