Mama Goretti na Mfalme Aliyewekwa Kando

Kwaya yetu ya mtaa wa Saltley, huku ughaibuni, iliundwa na marehemu Papa Cyriaque, na Mama Goretti alikuwa msaidizi wake tangu kambi ya wakimbizi. Mzee alipofariki, uongozi ukaenda kwa mjukuu wake, Hugues, kijana mwenye sauti ya kukufanya usahau chungu jikoni. Akili sasa, hakuna!

Siku moja alikuja matangani amelewa, akatuanzishia wimbo wa harusi mbele ya mjane. Ee Mungu wangu! Goretti akamweka chini ya nidhamu papo hapo: asiimbe, awe anapanga viti, akae nyuma mpaka abadilike.

"Nafasi yako naishika tu," alimwambia.

Basi Hugues akabadilika. Pombe akaacha, viti akapanga, mdomo akafunga. Lakini Goretti naye alikuwa ameshonesha joho jipya, na tukiingia kanisani kwa kucheza, yeye mbele, anang'aa utadhani bibi harusi. Alipapenda pale mbele, jamani. Tulinong'ona tu, nani angethubutu kumwambia?

Aliyemwambia ni mfalme wa China. Nilikuwa jikoni kwa Goretti, nimekuja kuazima sufuria, yeye anasonga fufu, ugali wetu wa muhogo. Mjukuu wake, Précieuse, akawa anamsimulia waliyosoma shuleni kuhusu ukoo wa Shang, watawala wa China ya kale. Mfalme kijana, Tai Jia, alifanya ujeuri. Waziri aliyemtumikia babu yake akamwondoa, akampeleka kukaa karibu na kaburi la huyo babu. Waziri akashika utawala. Mfalme alipotubu, waziri akaenda kumchukua, akamrudishia kiti.

"Alienda mwenyewe?" Goretti akauliza.

"Mwenyewe, Koko," mtoto akamjibu bibi yake.

"Hakuna aliyemlazimisha?"

Mtoto akatazama kitabu, akatikisa kichwa. Fufu ikashika chini, Goretti hata habari hana.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa na msiba Small Heath, wa mama yake Sylvie, mwimbaji mwenzetu. Tukasimama kumngoja Goretti aanzishe. Hakuanzisha. Akatembea mpaka nyuma, akavua joho, akamvika Hugues. Lilimbana mabegani. Hugues akaanzisha wimbo wa matanga wa babu yake, taratibu, bila kukosea.

Goretti akakaa kwenye kiti cha Hugues, akalia kwa kwikwi. Watu wakampa pole ya msiba, naye akaipokea. Mimi nilimpa leso.

Wimbo ulipoisha aliinuka, akajipangusa uso, akaanza kukusanya viti.