Mama Yangu wa Bweni la Kilimanjaro

Ilikuwa Jumatatu, saa tatu na robo asubuhi, kwenye usaili wa kuingia kidato cha tano katika shule moja huko Bunju. Foleni nzima ilisema watoto wa waliosoma pale wanapendelewa. Mie ninayeonaga aibu hata kuomba chumvi kwa jirani, nikaingia kwa mkuu wa shule na uongo.

"Shikamoo, mwalimu. Mama yangu alisoma hapa."

"Marahaba. Alikaa bweni gani?"

Nikataja jina nililolisoma ukutani wakati naingia. "Kilimanjaro."

Mkuu wa shule akavua miwani. "Basi mama yako shujaa, mwanangu. Hapa palikuwa pa wavulana watupu mpaka mwaka juzi."

Nilitoka bila kuaga. Kesho yake asubuhi nilirudi, nikamwomba anisaili upya, safari hii kama mtoto wa muuza samaki wa Mtoni.