Mtoto wa Serikali

Konsolata binti Marcelino wa Kifanya, Mungu alimpimia kimo kwa kibaba kidogo, kisha akamfidia kwa ulimi. Siku ya harusi yake na Odilo, shangazi mmoja aliyetoka mbali alinyanyua shingo kanisani akauliza kwa sauti mbona bibi harusi anachelewa, na bibi harusi amesimama mbele ya pua yake. Konsolata alicheka kuliko watu wote, hata padre akasubiri amalize ndipo awaunganishe.

Huo ulikuwa mwaka wa 1956. Mwaka uliofuata Odilo akapata kazi ya kubandua magome ya miwati, miti ya dawa ya kulainishia ngozi, upande wa Njombe, na Konsolata, asiyeweza kukaa akiangalia moshi wa jiko, akafuatana na wanawake wa kijijini kwenda kuchuma maua ya pareto katika shamba la mzungu mmoja, njia ya Makambako.

Shambani alikuta watoto. Wengi wao walitoka Ukinga, Iwawa na Bulongwa huko, wameletwa na mawakala wa kazi kwa sababu vidole vidogo huchuma ua upesi. Walilala kambini kama wakubwa, wakaamka na baridi kama wakubwa, ila jioni usingizi uliwakamata kabla ugali haujaiva. Aliyelala ubavuni mwa Konsolata aliitwa Esteria. Wazazi wake walikwisha kufa, na mjomba wake ndiye aliyemkabidhi kwa wakala. Mikono yake ilikuwa imepasuka kwa kuchuma, naye hakuwa na mazoea ya kulia. Konsolata alimpaka mafuta kila jioni, akimsimulia upuuzi wa kila namna mpaka atabasamu.

Basi ikaja habari. Huko Ulaya, katika mji uitwao Geneva, mataifa yalikuwa yamekaa na kukubaliana kwamba mtoto si mtu wa kuajiriwa ovyo. Maneno yale yalisafiri miaka mingi kabla ya kuifikia Tanganyika, lakini yalifika: serikali ikatunga sheria kwamba mtoto asifanye kazi mahali ambapo jioni hawezi kurudi kulala kwa wazazi wake. Na ofisa wa kazi alikuwa njiani kuja kukagua.

Nyapara wa shamba, Alois, aliposikia hivyo aliwakusanya watoto wote nyuma ya banda la kukaushia maua.

"Mkiulizwa umri, mtasemaje?"

"Miaka ishirini!"

"Wavulana, na nyumbani je?"

"Nina mke na watoto wawili!"

"Na wasichana?"

"Nina mume!"

Wakafundishwa hivyo asubuhi na jioni, mpaka wengine wakawa wanatamka usingizini.

Ofisa akaja na lori, pamoja na karani wake mkalimani, Nikodemo, kijana wa Njombe aliyevaa soksi ndefu. Watoto wakapangwa mstari. Wa kwanza alikuwa mvulana ambaye meno ya mbele ya utotoni yalikuwa ndiyo kwanza yameng'oka.

"Nina miaka ishirini," alisema kwa kithembe, "na mke, na watoto wawili."

"Hongera, mzee," alisema Nikodemo. "Mkeo anaitwa nani?"

Mvulana akakodoa macho. Hilo hawakufundishwa. Akafikiri sana, kisha uso ukamng'aa.

"Mama!"

Nikodemo alimtafsiria ofisa, na ofisa akageuka kando akijifanya anapiga chafya. Mmoja baada ya mwingine, watoto wakapandishwa lori. Esteria naye akapanda. Kisha macho ya Nikodemo yakashuka, yakashuka tena, yakamkuta Konsolata, aliyekuwa amekuja kumuaga Esteria na kikapu chake mgongoni.

"Na wewe, mdogo wangu?"

"Mimi si mdogo wako. Nina miaka ishirini na nina mume."

"Mwingine tena," alisema Nikodemo, akishusha pumzi.

"Lakini mimi ni kweli, kaka! Anaitwa Odilo. Tulifunga ndoa kanisani, padre shahidi!"

"Huyu amefundishwa vizuri kuliko wenzake. Amepewa mpaka na padre."

Konsolata akawageukia wanawake wa Kifanya wamwokoe. Wapi! Walikuwa wameshikana mabega wakicheka, machozi yanawatiririka, kila anayefungua mdomo kutoa ushahidi anatoa kicheko. Akamgeukia Alois.

"Nyapara, waambie basi!"

"Ni mtu mzima huyo, bwana!" alisema Alois kwa jazba. "Naapa kwa Mungu!"

Kiapo hicho ndicho kilichommaliza. Maana Alois alikuwa amekwisha kuapa vivyo hivyo kwa ajili ya yule kibogoyo.

"Panda, mtoto mzuri," alisema Nikodemo. "Hakuna atakayekupiga."

Konsolata alipumua kwa hasira, akaitafuta hasira yenyewe, asiione. Juu ya lori Esteria alikuwa amemnyooshea mkono. Akaushika, akapanda.

Jamani, safari ile! Hakuna hata mtoto mmoja aliyewahi kurudi kwao kwa gari. Kila mteremko walipiga kelele, kila mlima wakalisukuma lori kwa nyimbo. Waliwapungia watu mikono, wakawapungia ng'ombe, wakaiamkia hata miti: "Kamwene!" Konsolata ndiye aliyeanzisha nyimbo, Kibena kwa Kikinga, na alipoishiwa akabuni. Upepo wa uwanda ulimpiga usoni, kichwa kikamzunguka kama aliyekunywa ulanzi, naye akaona kwamba yule mvulana wa "mke na watoto wawili" amelala mapajani mwake, mdomo wazi, mchana kweupe, na hakuna mtu wa kumwamsha.

Njombe mjini walishushwa bomani. Watoto wa Ukinga wangengoja gari la kwao. Esteria peke yake hakutaka kushuka.

"Nyumbani kwenu ni wapi?" aliuliza Nikodemo.

"Kwa mjomba. Lakini atanirudisha tena kwa wakala." Akamshika Konsolata nguo. "Nyumbani ni kwa huyu."

Nikodemo aliangalia kushoto na kulia, akasema wataenda naye Kifanya, shauri la mjomba litafuata.

Mzee Marcelino alikuwa uani na mkewe Teodora, anachonga mpini wa jembe, gari la serikali lilipoingia. Nikodemo akavuta soksi zake, akasimama wima.

"Mzee, shikamoo. Nakukabidhi mtoto wako. Kwa amri ya serikali, asiajiriwe mbali na nyumbani mpaka akue."

"Marahaba. Mtoto gani?"

"Huyu, Konsolata."

Mzee alimtazama bintiye. Akamtazama karani. Mpini ukamponyoka.

"Mwanangu," alisema taratibu, "huyu nilimwoza mwaka jana. Akikua zaidi ya hapa, nitaomba serikali inijulishe, nichinje ng'ombe."

Teodora akaketi chini kwa kicheko. Nikodemo alikuwa mwekundu kwa vumbi na sasa akawa wa rangi nyingine. Alimwomba Konsolata radhi, akimwita mama, mara tatu nne, kila mara akiinama chini zaidi. Kisha akamkumbuka Esteria.

"Na huyu, mzee, nani atampokea?"

"Leo nimekwisha kupokea mtoto mwenye mume," alisema Marcelino. "Huyu asiye na mume atanishinda nini?"

Teodora alikuwa amekwisha kumshika mkono, anampeleka jikoni.

Odilo aliposikia, aliacha magome ya miwati akaja mbio. Mkwewe alimpokea kwa kata ya ulanzi na uso mkavu.

"Mke wangu yuko wapi, baba?"

"Mke? Hapa nina mtoto wa serikali. Nikimtoa kabla hajakua, nitafungwa."

Odilo akabaki na kata mkononi, hajui anywe au alie, mpaka Konsolata alipotokea nyuma ya nyumba akijishika mbavu. Tangu hapo Kifanya nzima ikamwita Mtoto wa Serikali, hata alipokuwa na wajukuu.

Mjomba alikuja kutoka Bulongwa baada ya mavuno. Aliona mikono ya Esteria imepona, akasema shida ndiyo iliyomtuma, basi na akae. Konsolata akampeleka shule ya misheni. Sista aliwatazama wote wawili mlangoni, akawaonyesha benchi. Konsolata alifungua mdomo kueleza, akaufunga, akaketi. Alisoma hapo mpaka mimba ya kwanza ilipomtoa, na alitoka anajua kusoma.

Lakini jambo alilolipenda kulisimulia kuliko yote lilikuwa dogo. Miezi ya kwanza Esteria hakujua kucheza. Watoto wakimwita, alisimama pembeni mikono imening'inia, akingoja kuambiwa kazi. Jioni moja jua linazama Konsolata alitoka kumwita ale, akamkuta katikati ya uwanja, anatupiwa mpira wa matambara, anauruka, anapiga yowe.

"Esteria! Chakula!"

"Bado!" Esteria alijibu, bila kugeuka. "Bado kabisa!"

Konsolata alisimama kidogo. Kisha akafunga kitenge vizuri kiunoni, akaingia mchezoni.