Maji ya Kambi Nzima

Jamani, hili jambo nimelisimulia kwa mtu mmoja tu, dada yangu wa Maswa, na hata yeye nilimrukia vipande, kwa hiyo leo mkinicheka mnayo haki, maana kuonekana mwongo mbele ya kambi nzima si kitu kidogo kwa mama wa umri wangu, tena mwalimu mstaafu.

Baba Kulwa, mume wangu, aliendesha malori ya pamba maisha yake yote, na alipostaafu alinunua Coaster kuukuu, akamwita fundi hapa Bariadi, wakang'oa viti vyote, wakaweka kitanda, jiko la gesi, sola juu ya paa na betri chini ya kitanda (nilisema anapoteza akili, Mungu anisamehe, kwa sababu wakati huo ulikuwa utani). Ndoto yake ilikuwa kuzunguka nchi na kulala popote palipo wazi. Tulipata wenzetu wa kundi la wasafiri wanaolala kwenye magari yao, tukasafiri nao mara kadhaa, na yeye ndiye aliyekuwa fundi wa wote. Halafu akaanza kusahau. Mwanzo funguo, baadaye jina la Doto, mtoto wake mwenyewe. Daktari alituambia ni ugonjwa wa ubongo na hautarudi nyuma.

Kipupwe kilichopita kundi likapanga kupiga kambi kwenye mbuga iliyo mbele ya Mwamapalala, ile nyeupe ya udongo uliopasuka ambako hakuna umeme wala bomba, mtandao wenyewe hadi upande juu ya gari, na usiku baridi inaingia mpaka kwenye mifupa. Watoto walinikataza. Mimi nikaona akienda kwenye mambo aliyoyapenda huenda akachangamka. Hapo sikukosea sana. Nilikosea tulipofika, maana Rehema, mke wa Emanueli kiongozi wetu, aliniuliza, "Mbona leo unaendesha wewe, na Baba Kulwa yuko kimya hivi?" Nikamjibu, "Macho yanamsumbua kidogo, na uchovu wa barabara." Sentensi moja tu. Nilitaka waendelee kumwona vile walivyomjua.

Maji ya kambi yote yalikuwa kwenye tangi moja, lililokuja kwenye tela la Emanueli: ya kunywa, ya kupika, ya kuoga kwa kopo. Asubuhi yake nikaamka ubavuni kwangu hakuna mtu. Nikatoka na kanga na sweta, baridi inauma, nikamkuta anarudi kutoka upande wa tela, suruali imelowa hadi magotini, amevaa fulana nje ndani, uso umejaa furaha ambayo sikuwa nimeiona muda mrefu. Nyuma yake koki iko wazi, inatoa matone ya mwisho, na chini ni tope lililokanyagwa na kwato, kwa sababu ng'ombe wa boma la jirani walikuwa wamepita wakielekea malishoni na wakanywa walivyoweza.

Nilipaswa kupiga kelele hapo hapo. Badala yake nikafunga koki (sijui nilikuwa nafungia nini), nikamwingiza ndani, nikambadilisha, suruali iliyolowa nikaisukumia chini ya kitanda, nikakaa.

Emanueli alipokwenda kuteka maji ya chai, tangi likalia kama debe tupu. Watu wote wakakusanyika, kila mmoja anaangalia tope, na mimi maneno yakanitoka: "Si mnaona kwato? Hawa wachungaji wamefungulia ng'ombe wao." Nilidhani watalalamika kidogo tuondoke, yaishe. Lakini Emanueli ni mtu wa haki, akawasha gari akaenda kwenye lile boma, akarudi na mzee mwenye mifugo, Mzee Ngasa, pamoja na mkewe.

Mzee akasimama na fimbo yake, akaeleza taratibu kwamba ng'ombe wake walikunywa kweli, ila walikuta maji yanamwagika tayari. "Mimi nilidhani mmeyamwaga," akasema.

"Nani amwage maji mbuga kama hii?" Emanueli akamuuliza. "Twende kwa mtendaji wa kijiji tukamalizane huko."

Nilikuwa nimesimama karibu kiasi cha kumgusa mzee wa watu. Na mnajua nilisema nini? Nilisema, "Mtu mzima kukubali kosa ni vigumu."

Mlango wa Coaster ukafunguka. Baba Kulwa akashuka, ameitoa ile suruali yenye tope kule nilikoificha na kuivaa juu ya nyingine. Akampita Emanueli, akampita Rehema, akaenda moja kwa moja kwa Mzee Ngasa, akapiga goti kama mtoto, akamwamkia, "Mwangaluka, baba," akaendelea kwa Kisukuma hicho hicho, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya kazi.

Wenzetu wengi si Wasukuma. Rehema akanigeukia. "Anasemaje, Mama Kulwa?"

Mzee angeweza kutafsiri, lakini aliniachia mimi. Kwa hiyo nikatafsiri mimi, mbele ya wote. "Anasema, baba, ng'ombe walikuwa na kiu. Nimewafungulia maji. Wamekunywa wote, hakuna aliyebaki."

Mzee Ngasa akamwekea mkono begani, akamjibu kwa Kisukuma, "Umefanya vizuri, mwanangu. Sasa nenda ukaote moto." Na mume wangu akainuka, akaenda motoni, ameridhika.

Nilipiga magoti kwa mzee pale pale kwenye tope. Emanueli naye akamwomba radhi, hakunitazama. Yule mke wa mzee akaondoka, baadaye akarudi na ndoo kichwani, maji ya kisima walichochimba kwenye mchanga wa mto, akaitua mbele yangu.

"Alianza lini?" akaniuliza.

"Mwaka jana, mayu," nikamjibu, yaani mama kwa Kisukuma.

"Na hawa wenzako hawajui?"

"Hawajui."

"Basi wewe umechoka sana," akasema, na mimi niliyejikaza tangu hospitalini nikalia kwa sauti mbele za watu, kamasi na vumbi, mpaka Rehema akaja kunishika.

Tulivunja kambi siku ile ile kwa kukosa maji. Njia nzima Baba Kulwa alikuwa akiniuliza kwa nini tunaondoka mapema, na kila mara nilimjibu upya.

Nimejiwekea nadhiri, sitamficha tena. Tukifika popote, iwe msibani, harusini au kanisani, nawaambia watu kabla salamu hazijaisha kwamba mume wangu ni mgonjwa, anasahau, mnisaidie kumwangalia. Naye husimama pembeni yangu akisikiliza, akitikisa kichwa kwa huruma, kama mtu anayesikia habari za jirani.