Kovu Halivuji

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Nilichimba dhahabu Masara kwa mikono hii, leo naendesha gari langu. Lakini fundi wa Migori alipopuliza hewa moto kwenye mikwaruzo ya plastiki ya mlango wa gari, ile harufu ilinirudisha utotoni, kwetu Kosele. Jerikeni ambayo mama alichotea maji ya kuuza ilikuwa imepasuka, na bila hiyo hatungekula. Mama akapasha kisu kwenye makaa, akayeyusha kipande cha beseni la plastiki juu ya ufa.

Jirani akacheka. "Na kovu kubwa hivyo, nani atanunua maji yako?"

Mama akajitwika jerikeni. "Kovu halivuji, nyaminwa, dada yangu."

"Bosi, alama itabaki kidogo," fundi akasema. "Tuweke plastiki mpya?"

"Wacha ibaki."

Nikamlipa shilingi mia nane hamsini.