Yule wa Gizani Ndiye Mpishi

Wasomaji wangu, mama mmoja Mkongo wa mtaa wa Walthamstow, huku ughaibuni, ametutoka, na mkiniona nacheka huku namlilia, mnisamehe, maana ndivyo alivyotuzoesha. Kazi yake ilikuwa kuhudumia wazee kwenye makao yao. Kazi yake ya pili, isiyo na mshahara, ilikuwa kupika misibani. Afe Mkongo, Mzanzibari au Mkenya, ukifika tu ulisikia kicheko chake jikoni, na sombe, yaani kisamvu chetu, inatokota.

Siku moja nilimpeleka yeye na binti yake kwenye jumba la sanaa katikati ya jiji, kuona picha ya kale ya Yesu aliyeshushwa msalabani. Picha yote ni giza, isipokuwa mwanga uliomwagikia maiti na uso wa mama yake. Nikaanza kuhubiri habari za mwanga na kivuli. Wapi! Mwenzangu alikaza kitenge chake, akamsogelea Maria, akainama: "Pole sana, mama." Binti, ambaye siku zote huelewa Kiswahili akajibu kwa Kiingereza, alimwambia kwamba ile ni rangi tu, akajitenga kana kwamba hakuja nasi. Mlinzi akakohoa. Mama akazidi kuchungulia, mpaka akagundua kule nyuma kabisa mwanamke asiyeonekana hata uso, mkono tu umeshika kitambaa. Akapiga kigelegele!

"Angalia ule wa mu giza. Ule njo anapika! Matanga bila mutu wa jikoni haiko matanga." Kisha akampungia mkono: "Pole na kazi, dada."

Nimemkumbuka sana wiki hii, kwa sababu sisi tuliohamia mji huu tunapenda mno kusimama penye mwanga. Tunavaa suti, tunashika kipaza sauti, tunapiga picha za kutuma nyumbani. Hivyo ndivyo tulivyofanya kwenye matanga yake. Hotuba zilikuwa ndefu, na zote zilisifu mapishi yake. Saa ya kula ilipofika tukatazamana. Kila mmoja alidhani kuna mtu jikoni, kwa kuwa miaka yote alikuwepo. Jiko lilikuwa baridi, sufuria zimefunikwa, na ukumbi umejaa wageni wenye njaa. Aliyeanza kucheka ni binti yake. Alifunga kitenge cha mama yake juu ya gauni jeusi, akaingia jikoni, nasi tukamfuata tukigombania visu. Wali uliungua, sombe ikazidi chumvi, tukala tukicheka na kulia, na hakikubaki kitu.

Kabla ya kupakua, nilipochungulia mlangoni, mvuke ulikuwa umemfunika binti, naona mkono tu na mwiko.

"Pole na kazi," nikamwambia.

"Aksanti, baba. Leta masahani."

Kwa Kiswahili, tena cha mama yake. Nilifurahi nusura nimwage mchuzi. Basi ndugu zangu, ukienda msibani, wafiwa utawapa pole, lakini anzia jikoni.